Maelezo ya Namba Nne

Nilimaliza kuandika namba tatu, nikaipita namba nne kwa sababu ile ilikuwa na maelezo yake tangu mwaka jana, nikaanza namba tano. "Tano: kaseti imetolewa kabla programu haijamaliza kuisoma." Nikaisoma sentensi mara mbili. Kisha nikaichomoa kaseti ya majaribio ikiwa katikati na kusubiri. Kompyuta ikaandika 5. Ndipo nikaweka nukta.

Hivyo ndivyo ninavyoifanya kazi hii. Siandiki jambo ambalo sijaliona likitokea. Hakuna aliyenifundisha, sikusoma chuo chochote, na mtu aliyejifunza mwenyewe hujiwekea masharti mengi kwa kuogopa yale asiyoyajua.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, chumbani kwangu Al-Murabba, Riyadh. Siku nyingine zote niko Olaya, kwenye ofisi ya ghorofa ya tisa, nikiangalia mtandao na mashine za kuchapa za watu wengine. Ijumaa ni ya Utepe. Utepe ni maktaba ya programu huria, yaani mtu yeyote anaweza kuichukua, kuitumia na kuibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Kazi yake ni kusoma kaseti za zamani na kuzigeuza kuwa mafaili ya sauti, na kuondoa ukimya mrefu ili faili lisiwe kubwa bure. Kila sehemu ya programu ikimaliza kazi yake hurudisha namba. Sifuri maana yake mambo ni sawa. Namba nyingine zina maana zake, na asiyejua maana hizo ni kama mtu aliyepewa jibu kwa lugha asiyoisikia. Mimi ndiye ninayeandika maana.

Aliyeiandika Utepe ni rafiki yangu Amir, wa Al-Baghdadiyah, Jeddah. Alifariki miaka miwili iliyopita.

Titus alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, kompyuta mapajani. Ni Mkenya, fundi wa kamera za ulinzi kwenye jengo la maduka kule Olaya. Tulijuana kwenye lifti, akaanza kunisaidia Utepe kwa sababu, alisema, kutazama kamera siku nzima kunamfanya atamani kusikia kitu.

"Mzee," akasema, "hii nne tuitoe."

"Ina kazi yake."

"Kazi gani? Wewe mwenyewe umeandika hapa: 'Nne: kaseti imeharibika.' Kuna jamaa wa Muscat analia kwa ripoti. Anasema programu inasimama kwa nne na kaseti yake ni safi, anaisikia vizuri kabisa."

"Labda kuna kasoro ndogo hasikii."

"Ama labda kuna kasoro kubwa huoni." Akacheka, kisha akaona sicheki. "Pole, mzee wangu, natania. Lakini kuja uone. Nimetest."

Nikaenda kukaa karibu yake. Alikuwa amejirekodi kwa simu. Alisema neno, akanyamaza sekunde nne, akasema tena. Sauti yenyewe ilikuwa safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Akaipitisha kwenye programu. Ikarudisha nne.

"Nikinyamaza sekunde moja, sifuri," akasema. "Nikinyamaza kumi, inakata ule ukimya, sifuri. Sasa tazama hapa. Ukimya uleule wa sekunde nne, nimeuhamisha dakika ya kumi. Sifuri! Inataka uwe mwanzoni tu, dakika tatu za kwanza. Kaseti haiharibiki mwanzoni pekee, ama?"

Nilirudi kwenye sentensi yangu. Ilikuwa na tarehe na jina langu kando yake: Jabir. Nilikumbuka nilivyoiandika. Ndani ya programu Amir aliacha namba tatu bila majina, 2, 6 na 180, na pale alipoihifadhi kazi yake aliandika maneno matano tu: "Nne, kwa ajili ya Bibi." Kaseti za Bibi yake zilikuwa kuukuu kuliko zote. Nikasema moyoni, bila shaka ni kaseti zilizochakaa, na zile namba tatu ni viwango vya mikwaruzo. Siku hiyo nilikuwa na haraka, ofisini kulikuwa na ukaguzi. Sikujaribu. Ni sentensi moja tu, katika zaidi ya mia mbili nilizoandika, ambayo sikuijaribu.

"Kwani kuna nini?" Titus akauliza. "Ni mstari mmoja. Tunaufuta, halas."

"Kuna mtu ameufuata," nikasema.

Mtu huyo ni Da Wahida, dada mkubwa wa Amir. Mwezi wa Ramadhani binti yake, Hana, alizipitisha kaseti za ukoo kwenye Utepe, kwa mashine aliyoiacha Amir. Zilikuwa kumi na moja. Sita zilirudisha sifuri. Tano zilirudisha nne, programu ikasimama, na Hana akafungua maelezo yangu kutafuta maana. Baadaye Da Wahida aliniandikia kwenye simu: "Sita tumezipata, alhamdulillahi. Za Bibi zote mbovu. Mungu kapenda iwe hivyo." Nami nikamjibu kwa neno la pole.

Nikampigia palepale. Nyuma ya sauti yake nilisikia gundi ya kufungia maboksi ikivutwa na masanduku yakiburutwa.

"Jabir! Umenikumbuka leo? Nahama mie, mwenye nyumba anataka jengo lake. Nyumba nzima imo ndani ya maboksi."

"Da Wahida, zile kaseti za Bibi ziko wapi?"

"Zile mbovu? Kwani nani anahama na vitu vibovu?"

"Si mbovu," nikasema. "Nilikosea mimi."

Gundi ikaacha kuvutwa.

"Ngoja basi, usinipigie kelele," akasema, ingawa sikupiga kelele. "Mbili naziona hapa kwenye mkoba. Tatu... wallahi sijui. Njoo."

Titus alinisindikiza hadi mlangoni. Nilimwambia asifute kitu. "Sifuti," akasema. "Lakini jamaa wa Muscat nimwambie nini?"

"Mwambie hatujui bado."

"Mzee, hiyo si jibu ya mtaalamu."

"Ndiyo iliyopo."

Baada ya sala ya Ijumaa nikapanda ndege kwenda Jeddah, na kwenye begi nilikuwa na redio kaseti, nyaya mbili na kompyuta.

Ukifika Jeddah kutoka Riyadh, ngozi hujua kabla ya macho. Riyadh hukausha midomo. Jeddah hukulowesha shingo ungali mlangoni. Nilizaliwa kwenye unyevu ule. Teksi ilipoingia Al-Baghdadiyah nilitazama pale palipokuwa na duka la kutengeneza redio ambapo Amir alifanya kazi. Sasa wanauza miwani.

Duka lile ndilo lilikuwa chuo chetu. Mwenye duka alikuwa na kompyuta moja, na alituruhusu kuigusa Alhamisi mchana tu. Siku sita zilizobaki tuliandika programu zetu kwenye karatasi, kutoka kitabu cha kunakiliwa ambacho kurasa zake kumi na mbili zilitoka nyeusi tupu. Mmoja wetu alikuwa mashine. Mwingine alimsomea mistari, na mashine ilitakiwa ijibu kwa namba bila kucheka. Tulizoea hata tukawa tunajibizana hivyo njiani. Nikimuuliza, "Umepata ikama?", kile kibali cha ukaazi, alinijibu, "Moja," yaani rudi kesho. Mama yake, Bi Zuwena, alipotuuliza kama tumekula, Amir alisema, "Sifuri," na Bi Zuwena akamwambia, "Tumbo lako ndilo sifuri, kaa chini ule." Alituwekea mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, na sisi tukaendelea kubishana kuhusu mabano.

Nyumba yao ilipokea kaseti kutoka Unguja. Wao walikuja Jeddah baada ya elfu moja mia tisa sitini na nne, lakini mama wa Bi Zuwena alibaki. Barua hakujua kuandika. Alisema kwenye kaseti, na mtu anayekuja umra aliibeba kwenye mfuko wa nailoni pamoja na chupa ya achari, hata kaseti ikanuka embe na siki. Sisi kwetu walitoka wote pamoja, hakuna aliyebaki wa kututumia sauti. Kwa hiyo kaseti ilipofika kwa kina Amir, mimi nilivaa viatu nikaondoka. Ndivyo tulivyolelewa. Kaseti ni barua ya watu, na barua ya watu hukai kuisikiliza. Nadhani niliondoka mara ishirini au zaidi.

Da Wahida alinifungulia mlango akiwa na mtandio mabegani na kalamu ya wino mzito mkononi. Amezeeka tangu mazishi, lakini sauti ni ileile.

"Umekonda, weye. Huko Riyadh hawali?"

"Shikamoo, Da Wahida."

"Marahaba. Pita, ruka hilo boksi, ni vikombe."

Hana alikuwa dirishani, simu sikioni, akizungumza Kiarabu cha haraka. Aliponiona akashusha simu na uso wake ukabadilika. Kabla sijasema lolote alisema, "Mjomba, mimi nilisoma kilichoandikwa."

"Ulisoma sawa," nikamwambia. "Kilichoandikwa ndicho kilikuwa kibaya."

"Mama alilia siku ile."

"Hana!" Da Wahida akamkata. "Mgeni hajakaa." Kisha akanigeukia, na akasema bila ukali wowote, na hilo lilinichoma kuliko ukali: "Ulisema mbovu, na mie nikaamini. Maana Amir alikuwa akisema, Jabir haandiki asichokiona."

Nikakaa juu ya boksi. Nikamweleza yote: haraka yangu, maneno matano ya Amir, zile namba 2, 6 na 180. Sikutafuta kujitetea, na yeye hakutafuta kunihukumu. Alisikiliza huku akiandika JIKONI ubavuni mwa boksi.

"Na zile tatu?" nikauliza.

Hana ndiye aliyejibu. Walikuwa na kabati la chini la mbao, la sebuleni, lenye droo mbili. Jumatano walimwita mnunuzi wa vitu vikuukuu wa harajini, kwenye soko la mitumba, akalichukua pamoja na makochi. Kaseti tatu zilikuwa kwenye droo ya kushoto, chini ya vitambaa vya meza. "Nampigia tangu ulipopiga," akasema. "Anasema kabati bado liko, ila droo hajui. Amefunga leo. Kesho atafungua baada ya Asri."

"Tutakwenda," nikasema.

"Tutakwenda," akasema.

Da Wahida akautoa mkoba mweusi na kunipa kaseti mbili. Juu ya moja paliandikwa kwa mkono wa Bi Zuwena, kwa herufi za Kiarabu: Mama, mwezi wa Shaaban. Nikazifungua kwa bisibisi, nikautazama utepe chini ya taa. Nikaupangusa mpira wa redio unaovuta utepe kwa pamba na spiriti, nikazungusha kaseti kwa kalamu hadi mwisho na kuirudisha ili ilegee. Ilinichukua nusu saa. Da Wahida hakunihimiza, ila alipoona nimeshika kitufe alisimama, akaenda kuzima kiyoyozi, akarudi kukaa sakafuni na kujifunika mtandio vizuri, kama mtu anayetarajia kuonwa.

Nikabonyeza, nikanyanyuka kutafuta viatu vyangu.

"Unakwenda wapi?"

"Nje kidogo. Ni barua yenu."

"Kaa chini, Jabir. Kama ungekaa zamani, haya yasingekuwa."

Nikakaa.

Kwanza ulikuja mvumo, kisha jogoo wa mbali, kisha sauti ya bibi kizee, karibu sana na kipaza sauti. Ilikuwa safi. Alisoma Bismillahi, akauliza mtu pembeni kama taa imewaka, akaambiwa imewaka. Kisha akasema:

"Zuwena, mwanangu, hujambo?"

Akanyamaza.

Niliutazama utepe ukizunguka. Nilidhani amemaliza pumzi. Sekunde moja, mbili, tatu. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyejibiwa, akasema, "Alhamdulillahi. Na mie sijambo, ila goti."

Da Wahida aliweka mkono mdomoni. Hana akaacha simu.

"Wahida, mjukuu wangu, hujambo?"

Ukimya. Na ndani ya ukimya ule Da Wahida, mwanamke wa miaka sitini, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Sijambo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba," kaseti ikasema. "Umekua, nimeambiwa. Usimkaidi mama'ko."

Da Wahida akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Ndivyo alivyokuwa," akaniambia haraka, kama anayeogopa kumkatiza. "Anatuita mmoja mmoja. Anatuachia nafasi. Sote tunakaa hapa, tunamjibu. Mama alikuwa akituchapa tukikosa kumjibu, ati mtu mzima anakuamkia unanyamaza?"

"Amir," Bibi akaita. "Amir, baba'ngu, hujambo?"

Hakuna aliyejibu. Sikujua kama yafaa mtu kujibu kwa niaba yake, na nadhani Da Wahida pia hakujua. Tulisikia mvumo wa kaseti na yule jogoo. Nafasi hii ilikuwa ndefu kuliko zile nyingine. Niliihesabu, kwa mazoea tu: sekunde sita.

"Alhamdulillahi," Bibi akasema.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Kwa nini kamwachia muda mrefu?" nikauliza.

"Amir? Alikuwa mzito kuitika," Da Wahida akasema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Alikwenda Unguja ana miaka kumi na miwili, akakaa kwa Bibi likizo nzima. Ukimwita yuko uani anafungua redio ya mtu. Mpaka anawe mikono, mpaka aje. Bibi alimzoea hivyo."

Sekunde mbili hadi sita, ndani ya dakika tatu za kwanza, wakati wa kuamkiana. Amir alikuwa amempima Bibi yake kwa saa. Programu ambayo kazi yake ni kukata ukimya, aliifundisha isimame ikifika hapo na iulize kwanza. Baada ya kuandika mstari ule aliishi miezi minane. Miezi minane nilikuwa na namba yake ya simu, na yeye ana yangu, na tulitumiana salamu za sikukuu.

"Programu ingeendelea ingefanya nini?" Hana akauliza.

"Ingezikata nafasi zote. Bibi angeuliza hali zenu na kujijibu mwenyewe, bila kupumua."

"Ingekuwa sauti ya mwendawazimu," akasema.

"Basi alifanya vizuri kuisimamisha," Da Wahida akasema. "Alikosa kutwambia tu. Alikuwa hivyo. Hata harusi yake tuliisikia kwa watu."

Nikaifungua kompyuta juu ya boksi la vikombe. Nikaifuta sentensi yangu ya mwaka jana, na mahali pake nikaandika: "Nne: mwanzoni mwa kaseti pana nafasi zilizoachwa ili msikilizaji ajibu. Kaseti si mbovu. Usizikate nafasi hizi bila kumuuliza mwenye kaseti." Nikaisoma mara mbili. Haikutosha. Haikusema nafasi ndogo kabisa ni ipi, wala kama Bibi aliwahi kumngoja mtu zaidi ya sekunde sita. Kaseti moja haiwezi kunionyesha hilo. Mbele yake nikaandika, "haijakamilika", na kumtumia Titus.

Jibu lilirudi upesi. "Wueh. Kumbe ni salamu. Jamaa wa Muscat nimemwambia, anasema ni ya nyanya yake pia. Sasa toleo tunatoa leo ama?"

"Bado," nikamwandikia. "Nina nyingine moja hapa, na tatu za kutafuta."

"Sawa mzee. Mimi niko."

Adhana ya Magharibi ikasikika. Da Wahida akanyanyuka kwa kushika magoti, akataka nimpe kaseti. Nikamwambia bado hatujafika hata robo ya upande wa kwanza, na ya pili hatujaigusa.

"Najua," akasema. "Lakini leo yatosha. Nikimsikiliza zaidi sitafunga boksi hata moja." Aliirudisha kwenye ganda lake, akalifuta vumbi kwa kidole. "Kesho mkishatoka harajini, mje nalo kabati lenyewe ikiwa hatoi droo. Mie sitaki makochi, makochi abaki nayo."

"Lilikuwa haliingii mlangoni, Mama," Hana akasema. "Walilitoa kwa dirisha."

"Basi litarudi kwa dirisha."

Hana akanitazama, akaniuliza kwa Kiarabu kama nina mgongo mzuri. Nikamwambia nina mgongo wa mtu wa ofisini. Akachukua kalamu ya mama yake, akaniandikia kwenye kiganja namba ya mnunuzi wa harajini na alama za kabati: mguu mmoja wa nyuma una msumari, droo ya kushoto inakwama, lazima uinyanyue kwanza ndipo uivute.